Jinsi ya kumchunguza mgonjwa wa mshtuko na kusoma vipimo vya kuganda kwa damu

Damu hutakiwa kubaki majimaji ndani ya mishipa kwa miaka yote ya uhai, na hutakiwa pia kuganda ndani ya dakika chache pale mshipa unapokatika. Mizani hiyo ikiharibika, damu huganda mahali isipotakiwa na kuziba njia, au hushindwa kuganda ilipotakiwa na kuvuja bila kukoma. Iwe kwa njia hizo mbili au kwa nyinginezo, mwisho unaoogopwa ni mmoja: tishu kukosa oksijeni kwa sababu mzunguko wa damu umeshindwa kazi yake. Huo ndio mshtuko, na usipokatizwa mapema, huua kiungo kimoja baada ya kingine.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa tiba, muuguzi na mtaalamu wa maabara anayetaka kufuata njia moja kutoka kitandani hadi kwenye darubini. Nimeupanga hivyo kwa makusudi, kwa sababu naamini makosa mengi katika eneo hili hutokana na kutenganisha wodi na maabara: majibu ya maabara husomwa na mtu asiyejua hali ya mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa na mtu asiyejua sampuli ilichukuliwaje. Katika kila hatua, swali la kujiuliza ni hili: je, damu inafika kwenye tishu, na kama haifiki, imevuja, imekwama, imetawanyika au imekosa msukumo?

Anza na ngozi, akili na mkojo

Wengi hukimbilia mashine ya kupima shinikizo la damu. Ni lazima kulipima, lakini shinikizo ni dalili inayochelewa. Damu inapopungua, mfumo wa neva na homoni hubana ateri ndogo za ngozi, utumbo na figo ili ubongo na moyo viendelee kupata mgao wao. Kwa hiyo namba kwenye mashine inaweza kuonekana nzuri huku tishu za pembeni zikiwa tayari na njaa ya oksijeni. Mtu mzima ana damu ya takriban mililita 70 kwa kila kilo ya uzito, yaani karibu lita 5 kwa mtu wa kilo 70. Akipoteza hadi asilimia 15, huenda usione lolote zaidi ya mapigo ya moyo kuongezeka kidogo. Kati ya asilimia 15 na 30, mapigo huvuka 100 kwa dakika na pengo kati ya shinikizo la juu na la chini hupungua, ingawa lile la juu kwa kawaida bado halijashuka. Huanza kushuka waziwazi pale upotevu unapozidi asilimia 30. Anayesubiri shinikizo lishuke ndipo aite msaada, kwa hesabu hiyo, anasubiri lita moja na nusu ya damu ipotee.

Weka nyuma ya mkono wako kwenye unyayo wa mgonjwa, kisha panda taratibu kuelekea gotini, ukiangalia ubaridi unakoma wapi. Kadiri unavyokoma juu zaidi, ndivyo mzunguko ulivyobanwa zaidi. Bonyeza kucha ya kidole au ngozi ya kifua kwa sekunde 5, achia, na uhesabu muda ambao rangi inachukua kurudi. Sekunde 2 au chini ya hapo ni kawaida kwa mtu mzima aliye katika chumba chenye joto la wastani, na sekunde 3 au zaidi zinatosha kukutia wasiwasi. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi, weupe wa kukosa damu hutafutwa kwenye kucha, viganja, midomo na upande wa ndani wa kope, si shavuni. Angalia pia magoti, kwa kuwa mabaka ya zambarau yanayoanzia hapo ni ishara nzito kwa mgonjwa yeyote.

Zungumza naye. Mgonjwa aliyekuwa mtulivu kisha akaanza kuhangaika, kuvua nguo au kujibu mambo yasiyohusiana na swali ana ubongo usiopata damu ya kutosha mpaka ithibitike vinginevyo, na ni hatari kumpa dawa ya usingizi kabla ya kutafuta sababu. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, kwa kuwa tishu zinazokosa oksijeni huzalisha asidi, na mapafu hujaribu kuiondoa kwa kupumua haraka na kwa kina. Kisha weka mpira wa mkojo na upime kila saa. Mtu mzima anapaswa kutoa angalau mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, na mtoto takriban mililita 1 kwa kilo kwa saa. Figo ni shahidi mwaminifu sana, kwa sababu hunyimwa damu mapema.

Baada ya hapo ndipo hesabu zinapoleta maana. Gawanya mapigo ya moyo kwa shinikizo la juu: kwa mtu mzima mwenye afya jibu huwa kati ya 0.5 na 0.7, na likifika 0.9 au zaidi ujue kuna tatizo. Mtu mwenye mapigo 120 na shinikizo la juu 110 anaweza kupitwa na kila mtu wodini kwa sababu 110 inaonekana salama, ilhali jibu lake ni karibu 1.1. Hesabu ya pili ni shinikizo la wastani la ateri: chukua shinikizo la chini mara mbili, jumlisha la juu, gawanya kwa tatu. Mwenye 90 kwa 50 ana wastani wa milimita 63 za zebaki, chini kidogo ya 65 ambayo hutumika kama lengo la mwanzo kwa watu wazima wengi.

Zipo hali ambazo namba hizi hupotosha. Anayetumia dawa zinazopunguza kasi ya moyo, kama beta bloka, hatapata mapigo ya haraka hata akivuja damu nyingi. Mzee aliyezoea shinikizo la 180 anaweza kuwa katika mshtuko akiwa na 115. Mjamzito aliyekaribia kujifungua ana damu iliyoongezeka kwa takriban asilimia 40 au zaidi, na hivyo huchelewa kuonyesha dalili, kisha huanguka ghafla. Mtoto hushikilia shinikizo lake mpaka dakika za mwisho. Likishuka, muda uliobaki ni mfupi mno.

Kama kipimo cha laktati, yaani zao la seli zinazotengeneza nishati bila oksijeni, kipo, kitumie. Zaidi ya milimoli 2 kwa lita huashiria kwamba huenda tishu zinaendesha maisha bila oksijeni ya kutosha, na kufikia 4 ni hatari kubwa. Ipime mapema, au tumia chupa yenye floridi na uiweke kwenye barafu, kwa kuwa chembe nyekundu huendelea kuzalisha laktati ndani ya chupa. Kumbuka pia kwamba degedege, ugonjwa wa ini, na dawa kama metformini, adrenalini na salbutamoli zinaweza kuipandisha bila mshtuko wowote.

Bainisha aina ya mshtuko kabla ya kutundika maji

Aina ni nne, na kila moja ina tiba yake. Mshtuko wa upungufu wa ujazo hutokana na kuvuja damu, kuhara sana, kutapika au kuungua. Mshtuko wa moyo hutokea pale moyo wenyewe unaposhindwa kusukuma, mara nyingi baada ya misuli yake kufa kwa kuzibwa ateri. Mshtuko wa kutawanyika kwa damu hutokea mishipa inapolegea kupita kiasi, kama katika sepsisi (maambukizi yanayofanya mwili ujidhuru wenyewe), mzio mkali au jeraha la uti wa mgongo. Wa nne ni wa kizuizi, ambapo moyo ni mzima lakini damu haiwezi kuingia au kutoka: hewa iliyojaa kifuani kwa shinikizo, maji au damu iliyoubana moyo ndani ya mfuko wake, au donge kubwa katika ateri ya mapafu.

Mambo mawili hutenganisha aina hizi haraka. Kwanza ni joto la mikono na miguu. Mgonjwa mwenye viganja vya moto, mapigo yanayogonga kwa nguvu na shinikizo la chini lililoporomoka huelekea kwenye mshtuko wa kutawanyika. Mwenye viganja baridi na mapigo membamba huelekea kwenye zile nyingine tatu. Pili ni vena za shingo. Zikiwa zimelala hata mgonjwa akilazwa chali, ujazo umepungua. Zikiwa zimevimba, tafuta moyo ulioshindwa au kizuizi. Sepsisi iliyochelewa huweza kuwa baridi pia, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na aina mbili kwa pamoja, kwa hiyo usifunge shauri mapema.

Tiba hufuata sababu. Anayevuja damu anahitaji tundu lizibwe na damu irudishwe. Maji ya chumvi humpa ujazo lakini hayabebi oksijeni, na humzimulia vigandisho, yaani protini za kugandisha damu, alivyobaki navyo. Mwenye mzio mkali hupewa adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, na hurudiwa baada ya dakika 5 ikiwa hajapata nafuu. Kucheleweshwa kwa sindano hiyo huku zikitafutwa dawa nyingine ni kosa linalogharimu maisha. Mwenye hewa iliyobana kifua hutolewa hewa hiyo bila kusubiri picha. Mwenye sepsisi hupewa antibiotiki ndani ya saa ya kwanza, na kwa mtu mzima maji ya takriban mililita 30 kwa kilo ndani ya saa 3, kisha noradrenalini, dawa ya kubana mishipa, ikiwa shinikizo la wastani halijafika 65.

Kuhusu maji kwa watoto, tahadhari inahitajika. Utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa kwa wingi zaidi ndani ya saa 48, takriban asilimia 10.5, wakilinganishwa na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa. Matokeo hayo hayawahusu watoto waliokaushwa na kuhara, ambao hawakuingizwa katika utafiti, lakini yanatosha kumfanya mtu asimimine maji kwa mazoea tu. Kila baada ya kiasi kidogo, rudi ukasikilize mapafu, upapase ini na uhesabu pumzi.

Chukua sampuli ya kuganda kama inavyostahili

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa sababu hakuna kipimo cha damu kinachoharibiwa na uchukuaji mbaya kama hiki. Sampuli huwekwa kwenye chupa yenye kifuniko cha buluu, ndani yake mkiwa na sodiamu sitrati ya asilimia 3.2. Sitrati hushika kalsiamu, na bila kalsiamu damu haiwezi kuganda. Maabara baadaye huirudisha kalsiamu na kuhesabu sekunde. Uwiano ni sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitrati. Chupa isiyojazwa hadi mstari ina sitrati nyingi kupita damu, na majibu yake yataonyesha kwamba damu inachelewa kuganda ilhali ni nzima. Mgonjwa mwenye damu nzito, ambaye hematokriti yake, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, inazidi asilimia 55, hupata tatizo hilohilo hata chupa ikijaa, kwa kuwa plazma yake ni ndogo. Kwake maabara hulazimika kupunguza sitrati.

Tafuta vena nzuri, toboa mara moja, usifunge mkanda kwa zaidi ya dakika moja. Sindano inayochokorachokora ndani ya tishu huamsha mfumo wa kuganda kabla damu haijafika kwenye chupa, na vigandisho hutumika humo. Jaza chupa ya buluu kabla ya zile zenye EDTA au heparini, ambazo nazo huzuia damu kuganda, usije ukahamisha matone ya kilichomo kutoka chupa moja kwenda nyingine. Usichukue kutoka kwenye mpira unaopitisha heparini; ikiwa hakuna njia nyingine, safisha mpira huo na umwage damu ya mwanzo. Geuza chupa taratibu mara 3 au 4, bila kuitikisa. Ipeleke maabara bila kuchelewa, kwa kuwa aPTT, mojawapo ya vipimo vya kuganda vitakavyoelezwa hapa chini, inapaswa kufanywa ndani ya saa 4. Ukiona uzi au donge dogo ndani ya chupa, itupe na uchukue upya. Sampuli iliyoganda haina jibu lolote la kuaminika.

Kwenye fomu, andika dawa anazotumia, hasa zile za kuzuia kuganda kama wafarini na heparini, pamoja na saa aliyopewa dozi ya mwisho. Andika pia kama ametiwa damu, kama ana ugonjwa wa ini, na kama ni mjamzito. Mtaalamu wa maabara asiyepewa habari hizi anaweza kutumia saa nyingi kutafuta ugonjwa ambao jibu lake liko kwenye karatasi ya dawa pale wodini.

Soma majibu kwa jozi

Kuganda huenda kwa hatua. Mshipa ukikatika hujikunja, na chembe sahani hujishikiza kwenye jeraha kwa msaada wa protini ya von Willebrand, zikafanya kizibo laini. Wakati huohuo tishu iliyojeruhiwa huachia kichocheo kinachoungana na kigandishi namba VII, na mfuatano huo huishia kwenye thrombini, ambayo hugeuza fibrinojeni kuwa nyuzi za fibrini. Kigandishi namba XIII hufunga nyuzi hizo pamoja ili donge lisilegee.

Vipimo vikuu hugawana njia hiyo. PT, ambayo kwa kawaida huchukua takriban sekunde 11 hadi 13 na ndiyo chanzo cha INR (PT iliyogeuzwa kuwa uwiano unaolinganishika kati ya maabara), hupima zaidi kigandishi VII na njia ya pamoja, yaani X, V, II na fibrinojeni. aPTT, yenye kawaida ya takriban sekunde 25 hadi 35 kutegemea maabara, hupima VIII, IX, XI na XII pamoja na njia hiyohiyo ya pamoja. PT ikirefuka peke yake, fikiria wafarini, upungufu wa vitamini K ulioanza karibuni, au ini linaloanza kuchoka. Kigandishi VII huishi saa chache tu katika damu, ndiyo maana hupungua wa kwanza. aPTT ikirefuka peke yake, fikiria heparini, hemofilia A au B, au upungufu wa protini ya von Willebrand. Zote mbili zikirefuka, tafuta ugonjwa mkubwa wa ini, upungufu wa vitamini K wa muda mrefu, kuzimuliwa kwa maji mengi, au kuganda kulikosambaa mishipani.

Kabla ya kuamini aPTT ndefu isiyoelezeka, omba plazma ya mgonjwa ichanganywe nusu kwa nusu na plazma ya mtu mzima wa afya, kisha ipimwe tena. Ikirekebika, kuna kigandishi kilichopungua. Isiporekebika, kuna kitu kinachozuia. Kizuizi kimoja, kingamwili dhidi ya fosfolipidi, hurefusha aPTT katika chupa lakini mwilini huleta madonge. Mwenye hali hiyo akipewa plazma kwa hofu kwamba atavuja, amesomewa namba bila kusomwa mwenyewe.

Namna anavyovuja nayo husema mengi. Vidoadoa vidogo vya damu kwenye ngozi, fizi na pua hutokana zaidi na chembe sahani chache au zisizofanya kazi. Damu kujikusanya ndani ya viungo na misuli huelekeza kwenye vigandisho. Chembe sahani kwa kawaida ni bilioni 150 hadi 400 kwa lita. Zikitoka chache sana kwa mtu asiye na dalili yoyote, tazama filamu ya damu kwa darubini kabla ya kumtia hofu, kwani EDTA huweza kuzifanya zishikamane mafungu na mashine ikashindwa kuzihesabu. Rudia kwa chupa ya sitrati.

Pale ambapo mashine haipo, kuna kipimo cha dakika 20 ambacho hutumika sana kwa walioumwa na nyoka. Weka mililita 2 za damu ya vena kwenye tyubu ya kioo, mpya au safi na kavu, isiyooshwa kwa sabuni. Isimamishe bila kuigusa kwa dakika 20, kisha iinamishe mara moja tu. Damu ikimwagika ikiwa bado majimaji, fibrinojeni imeisha au imebaki kidogo mno. Tyubu ya plastiki haifai, kwa kuwa ni uso wa kioo unaoamsha kuganda. Kama una shaka na tyubu zako, pima sambamba damu ya mtu mzima wa afya.

Damu inapoganda na kuvuja kwa wakati mmoja

Kuganda kulikosambaa, ambako wodini huitwa DIC, si ugonjwa unaosimama peke yake. Daima kuna kitu kilichokuanzisha: sepsisi, kondo la nyuma kubanduka kabla ya wakati, majeraha makubwa, sumu ya nyoka, au aina ya saratani ya damu ya promayelositi. Thrombini huzalishwa kila mahali, madonge madogo huziba kapilari za figo na mapafu, na vigandisho na chembe sahani huisha kwa matumizi hayo. Mgonjwa basi huvuja kutoka kila tundu la sindano huku viungo vyake vya ndani vikifa kwa kuzibwa.

Tazama mambo manne kwa pamoja: chembe sahani zinazoshuka, PT inayorefuka, fibrinojeni inayopungua na D-daima, yaani mabaki ya fibrini iliyoyeyushwa, iliyopanda sana. Mwelekeo ni muhimu kuliko namba moja. Fibrinojeni, ambayo kawaida yake ni gramu 2 hadi 4 kwa lita, hupanda wakati wa ujauzito na maambukizi. Hivyo gramu 2 kwa mama anayejifungua na kuvuja si kawaida hata kidogo, ni onyo. Rudia vipimo kila baada ya saa chache na utibu chanzo kwanza. Plazma, chembe sahani na fibrinojeni hurudishwa kwa anayevuja au anayekwenda upasuaji, si kwa ajili ya kurembesha majibu.

Aliyejeruhiwa ana hatari nyingine tatu zinazolishana: ubaridi, asidi na kushindwa kuganda. Vimeng'enya vya kuganda hulegea joto la mwili linaposhuka, na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: maabara hupima PT katika nyuzi 37, kwa hiyo mgonjwa mwenye nyuzi 33 anaweza kurudishiwa majibu mazuri huku akiendelea kuvuja. Mfunike, pasha joto maji na damu anayopewa, na upime kalsiamu, kwa sababu sitrati iliyomo kwenye mifuko ya damu huishika ile ya mgonjwa pia. Asidi ya traneksamiki hulinda donge lisiyeyushwe. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010 ulionyesha inapunguza vifo vya majeruhi, na ule wa WOMAN wa mwaka 2017 ulionyesha inapunguza vifo vinavyotokana na kuvuja damu baada ya kujifungua. Hutolewa gramu 1 polepole kwa mshipa, ndani ya saa 3 tangu kuumia au kujifungua. Baada ya muda huo faida hupotea, na kwa majeruhi inaweza kudhuru.

Donge lililo mahali pasipofaa

Rudolf Virchow, mwanapatholojia wa Ujerumani wa karne ya 19, anahusishwa na mambo matatu ambayo hadi leo hutumika kueleza kwa nini damu huganda ndani ya mshipa: ukuta wa mshipa ulioharibika, damu inayotembea polepole au kwa vurugu, na damu yenyewe yenye mwelekeo wa kuganda. Ukimhoji mgonjwa, fuata hayo matatu. Muulize kuhusu upasuaji na mivunjiko, kulala kitandani kwa muda mrefu, ujauzito, vidonge vya estrojeni, saratani, na ndugu waliowahi kupata madonge.

Mguu mmoja ukivimba, pima mzingo wa mashavu ya miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa wa muundi. Tofauti inayozidi sentimita 3 ina uzito. D-daima hutumika vizuri kwa mgonjwa ambaye uwezekano wake wa kuwa na donge ni mdogo: ikiwa chini ya kiwango, donge huondolewa kwenye mawazo. Ikiwa juu haithibitishi lolote, kwani maambukizi, ujauzito, uzee na upasuaji huipandisha. Kwa mwenye uwezekano mkubwa, nenda moja kwa moja kwenye ultrasaundi ya mguu, au picha ya CT ya mapafu ikiwa anahema ghafla na kifua kinamchoma.

Aliyeanza heparini afuatiliwe chembe sahani zake. Zikishuka kwa zaidi ya nusu kati ya siku ya 5 na ya 10, simamisha heparini yote, hata ile ya kusafishia mipira, kwa sababu hali hiyo huleta madonge mapya na si kuvuja damu. Na anayeanza wafarini kwa donge jipya asiachishwe heparini mapema: protini C, ambayo huzuia kuganda, hupungua kabla ya vigandisho vingine, na siku za kwanza damu yake inaweza kuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kuganda. Viendeshwe pamoja angalau siku 5, na mpaka INR ifike 2 kwa saa 24.

Kile ambacho tishu huonyesha

Mgonjwa akifariki, patholojia huendelea kujibu swali lilelile. Donge lililofanyika wakati wa uhai ni kavu, limeshikamana na ukuta wa mshipa, na likikatwa huonyesha mistari inayopishana ya rangi hafifu na nyekundu, iitwayo mistari ya Zahn, ambayo ni tabaka za chembe sahani na fibrini zikipishana na chembe nyekundu. Lililofanyika baada ya kifo ni laini kama jeli, halijashika ukuta, mara nyingi jekundu upande wa chini na la njano upande wa juu. Kuyachanganya mawili haya ni kubadilisha sababu ya kifo, kwa hiyo vuta donge kwa upole uone kama limeshika, na uchukue kipande pamoja na ukuta wa mshipa kwa ajili ya darubini.

Eneo lililokufa kwa kuzibwa ateri huwa la rangi iliyopauka katika moyo, figo na wengu, viungo ambavyo ateri zake hazisaidiani sana. Katika mapafu na utumbo huwa jekundu, kwa kuwa damu huingia kwa njia nyingine. Katika mshtuko tafuta vifo vya seli za mirija ya figo, vifo vya seli za ini kuzunguka vena ya kati ya kila lobuli, yaani kipande kidogo cha ini, utando wa kioo kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na misuli ya moyo iliyokufa upande wa ndani, chini ya endokadiamu, utando wa ndani wa moyo. Tezi za adrenali zilizojaa damu kwa mtoto aliyekuwa na homa na madoa ya zambarau humwelekeza mchunguzi kwenye maambukizi ya meningokoka.

Anayeandika ombi la uchunguzi huo aweke saa ya shinikizo la kwanza kushuka, saa na kiasi cha maji na damu alichopewa mgonjwa, laktati ya mwanzo na ya mwisho, dawa za kugandisha au kuzuia kuganda zilizotumika, na mkojo wa kila saa. Mirija ya figo huchukua muda kuonyesha kifo cha seli chini ya darubini, na bila saa hizo mchunguzi hawezi kutofautisha figo iliyoumizwa na mshtuko wa siku tatu na ile iliyokuwa mgonjwa kabla mgonjwa hajafika hospitali.